Nyaya Mbili Mgongoni

Kabla ya upasuaji nilikuwa na maumivu ya aina moja. Baada yake nikawa na aina mbili, na kazi ya kwanza niliyojipa ilikuwa kujifunza kuyatofautisha.

Ya zamani nilikuwa nikiyafahamu vizuri. Yalianza msimu mmoja wa mvua, pikipiki niliyopanda ilipoteleza kwenye tope tukitoka sokoni Mazwi, nikaangukia kiuno. Nilipasuliwa mara ya kwanza, na baada ya miezi kadhaa mfupa ukaunga. Mshipa wa fahamu haukupona. Kutoka kiunoni upande wa kushoto, nyuma ya paja, hadi kwenye kifundo cha mguu, kulikuwa na moto ambao hakuna dawa niliyopewa iliyouzima. Mimi ni fundi cherehani. Pedeli naisukuma kwa miguu yote miwili, lakini mguu wa kushoto ndio unaoshika mwendo. Miaka ile nilikuwa nikishona kidogo, nasimama, naegemea ukuta, narudi. Gauni la siku moja likawa la wiki. Mwishowe cherehani nikaifunika kwa kanga, nikawaambia wateja wangu waende kwa mafundi wengine. Sikuwaambia ni kwa muda gani, kwa sababu sikujua.

Maumivu mapya yalitokana na vidonda viwili vya upasuaji wa pili, wa kuwekewa kifaa, kimoja katikati ya mgongo na kingine juu ya tako la kushoto. Haya yalikuwa na mipaka. Yalichoma pale pale mshono ulipo, yalizidi nikikohoa, na kila siku yalipungua kidogo. Maumivu ya namna hiyo nayaheshimu. Yana mwanzo, na ukiwa mvumilivu utauona mwisho wake. Kwa hiyo dawa za vidonda nilizinywa kwa saa zake bila kusubiri yapande, kwani maumivu yakishapanda huchukua muda mrefu kushuka. Nilipoona yamelala, nilianza kuzipunguza moja moja kama daktari alivyonielekeza. Sikujaribu kuwa shujaa, na wala sikunywa kidonge kwa sababu ya hofu tu.

Kifaa chenyewe nilikipata Dar es Salaam, katika hospitali kubwa ambako madaktari wageni walikuwa wakifanya kazi na wa kwetu. Ni nyaya mbili nyembamba, zimelazwa ndani ya mfupa wa mgongo, nje kidogo ya utando unaofunika uti wenyewe, na betri yenye ukubwa wa kiberiti iliyofukiwa chini ya ngozi. Umeme mdogo sana hupita katika nyaya hizo na kuzikuta habari za maumivu zikiwa njiani kuelekea kichwani. Mshipa hauponi kwa hilo, ila kelele zake hupungua. Kwanza walinijaribu kwa nyaya za muda, betri ikiwa nje, imefungwa kiunoni. Siku ya pili ya jaribio nilikaa kwenye kiti cha mbao hadi uji wangu ukaisha. Nesi aliuliza kwa nini nalia. Nikamwambia nimemaliza uji nikiwa nimekaa.

Kabla ya kuniruhusu kurudi Sumbawanga, daktari bingwa alinikalisha chini, mume wangu akiwa pembeni, akasema polepole kama anayempa mtu funguo za nyumba.

"Nyaya hizi kwa sasa zimelala tu. Hazijashikwa na kitu cha maana. Nyama yako mwenyewe ndiyo itakayozishika, na nyama haina haraka. Kwa wiki nane usiiname, usijipinde kiuno, usinyanyue kitu kizito kuliko sahani ya ugali, usipandishe mikono juu ya kichwa."

"Zikihama?" nikauliza.

"Zikihama kidogo, tutahamisha mkondo kwa rimoti. Zikihama sana, lazima tufungue tena. Na sikufichi, mama, vifaa tulivyoletewa vimekwisha. Sijui vingine vitakuja lini."

Basi hilo ndilo lililokuwa mbele yangu. Wiki nane za kukaa wima, au kurudi kwenye moto.

Niliishia darasa la saba. Kiingereza nilijifunza ukubwani, kwa kamusi na vitabu vya ruwaza za nguo, kwa sababu nilichoka kukisia maelezo ya kukata kola. Kwa hiyo nilipopewa kijitabu cha kifaa, chenye maandishi madogo kama mchanga, sikukiweka kabatini. Nilikisoma sentensi kwa sentensi. Humo nilijua kuwa mtekenyo wa umeme, ule niliousikia mguuni badala ya moto, hubadilika kwa jinsi ulivyokaa. Ukilala chali hupanda, kwa sababu uti huzisogelea nyaya. Ukisimama hushuka. Nilijifunza kushusha mkondo kwa rimoti kabla ya kulala. Nilijifunza kugeuka kitandani kama gogo, mabega na nyonga kwa pamoja, mto ukiwa katikati ya magoti. Nilijifunza kuchuchumaa kwa magoti huku mgongo ukibaki wima, jambo ambalo kijitabu kiliruhusu lakini mguu wangu wa kushoto haukuwa na nguvu nalo bado. Pia kila siku, mara baada ya chai, nilikaa kwenye kiti kile kile na kufuatilia mtekenyo unafika wapi: pajani, nyuma ya goti, kwenye shavu la mguu, kifundo. Niliukariri kama mtu anavyokariri njia ya kwenda kanisani. Nilitaka siku nyaya zikihama nijue siku hiyo hiyo.

Jambo ambalo kijitabu hakikuwa nalo ni mama mkwe wangu.

Alitoka kijijini kwake, mbele ya Namanyere, mvua zikielekea kuisha, akiwa amemaliza kulima matuta yake. Alikuja kunitunza, kama ilivyo wajibu na kama alivyopenda. Alishuka kwenye bajaji na mfuko wa unga wa ulezi, maharage, na jogoo aliyefungwa miguu. Kwetu Ufipa, mkwe humwamkia mama mkwe akiwa chini. Unashuka, unapiga makofi taratibu, unasubiri aitikie, ndipo unaposimama. Nimefanya hivyo tangu nilipoolewa, barabarani, sokoni, hata kwenye matope.

Siku hiyo nilibaki nimesimama mlangoni, mgongo wima. Nilipiga makofi. Nikasema, "Shikamoo, mama."

Hakuitikia mara moja. Alinitazama kutoka miguuni hadi usoni.

"Kumbe huko Dar es Salaam wanafundisha watu kusimama kama nguzo ya umeme?"

"Mama," mume wangu akaanza, "daktari amesema—"

"Nimekuuliza wewe?"

Akachukua mfuko wa unga. Ni mtu mzima, anasimamia ghala la mahindi na wabeba mizigo wake wote, lakini mbele ya mama yake hunyamaza.

"Daktari amenikataza kuinama, mama," nikasema. "Nisamehe."

"Marahaba," akasema hatimaye, akaingia ndani na jogoo wake. "Sawa."

Mtu yeyote aliyewahi kuishi na mama mkwe anaijua hiyo sawa.

Siku zilizofuata alifanya kazi zote. Alipika, alifua, alifagia uwanja kabla sijaamka. Sikuwa na lawama hata moja. Lakini nilimwona ananipima kwa macho, kama mtu anayeangalia mzigo uliofungwa vibaya. Kisha asubuhi moja, mume wangu alipokwenda kazini, nikasikia harufu ya majani yanayochemka. Nilipofika uani, sufuria kubwa ilikuwa jikoni inatoa mvuke, kanga kuukuu mbili zilikuwa zimekunjwa begani kwake, na kigoda kilikuwa tayari kimewekwa.

"Njoo ukae," akasema. "Ule mgongo unataka kukandwa."

Naeleza kwa ambaye hajui. Mwanamke akijifungua, mama yake au mama mkwe humkanda kwa maji ya moto. Kitambaa huchovywa, hukamuliwa, hukandamizwa tumboni na mgongoni kwa nguvu, huku mzazi akipiga kelele na wanawake wengine wakimcheka. Kwa watoto wangu wote ni yeye aliyenikanda. Mikono yake ilikuwa ya kikatili na nilipona vizuri. Kwa hiyo aliponiona nimetoka hospitali na mishono, nimekaa kama fimbo, hakuwa na shaka hata kidogo juu ya kinachopungua. Madaktari walikuwa wamefanya kazi yao na kuiacha nusu. Yeye alikuja kuimalizia.

Nikaiona picha yote kichwani: joto lile juu ya mshono mbichi, viganja vile vikisukuma nyama pande mbili za uti, na nyaya mbili ambazo hazijashikwa na kitu.

"Mama, hapana."

"Hapana nini?"

"Siwezi kukandwa. Daktari amekataza."

"Daktari." Alilitamka kama jina la mtoto wa jirani aliyemvunjia chungu. "Huyo daktari ndiye aliyekukanda mtoto wako wa kwanza alipotoka ametanguliza makalio?"

"Hapana, mama. Ni wewe."

"Ulikufa?"

"Sikufa."

"Basi kaa."

"Sikai, mama."

Katika miaka yote ya ndoa yangu sikuwahi kumwambia hivyo. Alizishusha kanga begani, akazikunja tena upya, pembe kwa pembe. Alibeba sufuria hadi kwenye ua wa mikaratusi akamwaga maji yote, mvuke ukapanda katikati ya miti.

Tangu hapo alizungumza nami kupitia kwa mume wangu.

"Mwambie mke wako uji umeiva."

Mimi nikiwa nimekaa hapo hapo, bakuli likiwa mbele yangu.

"Mama anasema uji umeiva," mume wangu alisema, akitazama dari.

"Mwambie mama ahsante."

"Mama, anasema ahsante."

"Nimesikia. Mimi si kiziwi."

Ningeweza kucheka kama si kwamba nilihitaji msaada wake katika kila kitu. Na yeye, nadhani, angeweza kurudi kwake, lakini hakuondoka. Alibaki na hasira yake, akiosha nguo zangu.

Nikawa najifunza kutembea. Asubuhi nilikwenda hadi kwenye duka la kona, baadaye hadi karibu na stendi ya Chanji, kwa mwendo ule ule, nikirudi kabla mguu haujaomba nirudi. Hilo nilijiwekea kama kanuni: nisisubiri maumivu yaniamuru. Vijana wa bodaboda waliokaa kijiweni walikwishasikia habari zangu.

"Mama, shikamoo! Eti ni kweli umewekewa radi mgongoni?"

"Marahaba. Ni umeme mdogo tu."

"Sasa TANESCO wakikata?"

"Nina wangu."

"Duh! Mshikaji, umesikia? Mama ana laini yake mwenyewe!"

Walicheka, nami nikacheka kwa uangalifu. Kicheko kikubwa bado kilivuta mshono.

Siku ya mkasi ilikuja mchana mmoja wa baridi. Nilikuwa nimekaa, nimeamua kujaribu kazi ndogo ya mkono, kufumua pindo la sketi ya shule. Mkasi ukateleza mapajani ukaanguka. Nami ni fundi. Tangu nikiwa msichana, mkasi ukianguka mkono wangu huufuata kabla akili haijafika. Niliinama. Niliinama kabisa, kichwa kikafika karibu na magoti, vidole vikagusa mpini, na hapo mtekenyo ukaruka kutoka mguuni ukapanda hadi ubavuni kama kitu kilichochomoka.

Nilinyooka taratibu. Ubavu uliendelea kutekenyeka. Mguu ulikuwa kimya, na chini ya ukimya huo nilianza kuusikia moto wa zamani ukirudi, kutoka kiunoni kushuka.

Nilijilazimisha kufikiri. Nilikaa kwenye kiti changu cha asubuhi, miguu sakafuni, mgongo wima, nikashusha mkondo hadi chini kabisa kisha nikaupandisha hatua kwa hatua. Ubavu. Ubavu tena. Halafu, nilipotulia na kuacha kuzuia pumzi, paja. Nikangoja. Nyuma ya goti. Shavu la mguu lilichelewa. Sikuweza kusimama, si kwa sababu ya maumivu bali kwa hofu kwamba nikisimama nitamalizia kuziharibu.

Mama mkwe alinikuta hivyo, machozi yananitoka na rimoti mkononi. Alisahau kwamba hatusemezani.

"Kuna nini?"

"Nimeinama, mama. Nyaya labda zimehama."

"Nyaya gani? Si ziko ndani?"

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba siku zote hizo nilikuwa nimempa katazo tu, bila sababu. Nilimwambia daktari amekataza, kana kwamba hilo linatosha. Nikamwonyesha. Nilichukua kitambaa na uzi, nikampigia bandi, mishono mirefu iliyolegea ya kushikilia kitambaa kabla ya kukishona.

"Tazama. Ukivuta hapa, inatoka. Ndivyo zilivyo sasa ndani ya mgongo. Mwili wenyewe ndio utakaozishona, lakini bado. Ukinikanda, ukinisukuma hivi, zinachomoka. Na hakuna nyingine."

Alivuta uzi kwa vidole. Ulitoka wote. Aliutazama kwa muda, lakini niliona kuwa kitambaa hakimwambii kitu. Yeye si mtu wa sindano. Kisha akaketi.

"Ni kama ntumba," akasema.

Ntumba ni matuta yetu ya duara. Nyasi hukusanywa zikiwa mbichi, hufunikwa kwa udongo uliogeuzwa, na shamba zima huonekana kama kundi la vichwa.

"Ukishafunika, nje unaona tuta zuri," akaendelea. "Ndani ni nyasi tupu, hewa tupu. Ng'ombe wa hawa jirani zetu waliohamia akipita juu, linabomoka. Unaliacha. Mvua inashuka, nyasi zinaoza, udongo unakaa. Hapo hata ukilikanyaga, halijali. Mimi nimewafukuza watoto juu ya matuta mabichi maisha yangu yote." Alinigeukia. "Mbona hukusema hivyo siku ya kwanza?"

"Nilisema daktari—"

"Daktari ni nani kwangu? Ungesema tuta ni bichi."

Alinisimamisha, mkono mmoja chini ya kwapa na mwingine kiunoni, wima kabisa, kana kwamba alifundishwa. Tulipofika kitandani nilijilaza kwa ubavu. Baada ya kupumzika nikarudi kwenye kiti na kuupima mtekenyo tena. Ulifika kwenye shavu la mguu. Jioni, nilipokuwa nikinywa uji, ulifika kwenye kifundo, dhaifu lakini pale pale pake. Kama zilihama, hazikuhama mbali. Lakini sikuwa na njia ya kujua, na ilibidi niishi bila kujua hadi wiki nane ziishe.

Kesho yake nyumba yangu ilibadilika. Mama mkwe aliondoa kila kitu kilichokuwa chini ya magoti na kila kitu kilichokuwa juu ya mabega. Jiko la mkaa lilipandishwa juu ya matofali. Ndoo za maji zilisogezwa mezani, nusu nusu. Viatu vyangu viliwekwa kwenye kiti. Alipomaliza ndani akaiangalia cherehani chini ya kanga yake, akamwita mume wangu na kumwamuru aitafutie mbao nne nene, waiinue hadi kimo ambacho mtu anaweza kushona bila kuinamisha shingo. Pedeli nayo ikawekewa ubao wa kuinua nyayo. Mahesabu ya kimo niliyafanya mimi. Wao walibeba.

Wanawake wa jumuiya walipokuja kunipa pole, alikaa mlangoni.

"Huyu hapigi magoti siku hizi," aliwaambia kabla hawajaingia. "Msimwangalie vibaya. Anayetaka kupigiwa magoti aje kwangu, nitampigia mimi."

"Aka, mama, nani atathubutu?" jirani mmoja akasema.

"Ndiyo hivyo. Ingieni. Na wewe, usimkumbatie."

Nilipoegemea mbele hata kidogo, mwiko ulipigwa mezani. Alinipigia mwiko nikivaa soksi, nikipiga chafya, nikisali. Ilifika mahali hata yeye alipokuwa uani na mimi ndani, mgongo wangu ulinyooka kwa kusikia tu mwiko ukigonga sufuria.

Hamu yake ya kukanda haikuisha, na sikutaka iishe bure. Nilimpigia daktari nikamuuliza kuhusu mguu, kuanzia goti kwenda chini, mbali na vidonda na betri, maji yakiwa ya vuguvugu. Akafikiri, akakubali. Basi jioni nilikaa kwenye kiti, mguu wa kushoto ndani ya beseni lililoinuliwa juu ya kigoda, na mikono ile ya kikatili ikapata kazi yake. Haikuondoa moto. Lakini mguu ulilegea, na mguu uliolegea huusikia umeme vizuri zaidi. Hilo nililithibitisha kwa kulinganisha jioni zenye kukandwa na zisizo nako, nikikaa kwenye kiti kile kile.

Betri ilihitaji kuchajiwa kila wiki kwa mkanda unaofungwa juu ya ngozi. Mara ya kwanza mama mkwe alisimama mbali.

"Inafanya nini?"

"Inakula, mama. Inakula umeme."

"Basi ilishe kabla yetu. Ikilala njaa, wewe ndiye utakayelia."

Alisema kweli. Umeme ukikatika jioni, mtu aliyengoja betri iishe hana la kufanya ila kuvumilia. Nikaizoesha kuchajiwa mapema, ikiwa bado nusu, na tangu hapo haijawahi kunizimikia.

Baridi ya uwanda wetu ilianza kuuma, upepo ule wa asubuhi unaopita kwenye mifupa, na maumivu ya mguu wangu yalipanda nayo. Nilijifunza kwamba hiyo si dalili ya kuharibika. Ni hali ya hewa. Nilivaa soksi mbili, nikapandisha mkondo hatua moja, nikatembea ndani ya nyumba hadi jua lilipotoka. Nafasi ya maumivu katika siku yangu ilizidi kupungua. Yalikuwepo, kama redio ya jirani. Unaisikia, unajua hata kipindi gani kinaendelea, lakini unaendelea na kazi zako.

Wiki nane zilipotimia nilikwenda kupigwa picha ya mgongo hapa hapa mjini. Mama mkwe alivaa kitenge chake cha kanisani na kusema anakuja. Mume wangu aliituma picha kwa daktari kwa simu, tukakaa kwenye benchi la ukumbini, karibu na dirisha, tukisubiri. Nilikuwa nimeshika bahasha, na niliwaza juu ya mkasi ule.

Simu ililia. Daktari aliomba nipewe mwenyewe.

"Mama, nimezilinganisha na picha ya siku ya upasuaji," akasema. "Ziko pale pale. Ncha zote mbili. Nina wagonjwa wanaoishi jirani na hospitali hawajaziweka hivi. Umefanya nini?"

"Nimekaa wima," nikasema.

Mama mkwe aliinyakua picha, akaiinua mbele ya dirisha. Nyaya zilionekana wazi, mistari miwili myeupe iliyopanda katikati ya mifupa ya mgongo, bega kwa bega.

"Mbona hapa kumepinda?"

"Huo ni ubavu, mama."

"Ubavu. Sawa." Hii ilikuwa sawa ya aina nyingine. Alifuata mistari ile miwili kwa kidole, kutoka chini hadi juu, bila kuigusa filamu. "Zimekaa."

Zilikuwa zimekaa. Nimeshona magauni ya harusi, nimeshona kanzu za mapadri, na watu wamesifia mikono yangu mbele ya altare. Sijawahi kujisikia nilivyojisikia mbele ya dirisha lile. Kuziweka ilikuwa kazi ya daktari, na aliifanya kwa asubuhi moja. Kuzikalisha ilikuwa yangu, na niliifanya kwa wiki nane, kwa mwili wangu wote, hata usingizini.

Tuliporudi nyumbani nilikwenda moja kwa moja kwenye cherehani, nikaivua kanga. Nilikuwa na mkono wa blauzi uliokatwa siku nyingi, kitambaa cheupe kilichoanza kuwa na mstari wa vumbi penye kunjo. Nikakaa wima. Nikaweka nyayo kwenye pedeli. Mguu wa kushoto ulisita, ukashika mwendo. Nilishona mkono mzima kutoka kwapani hadi kwenye kishikizo bila kusimama, na nilipoukata uzi nilisikia mama mkwe akizungumza na jirani langoni.

"Umeme upo ndani, ndiyo, mimi nimeuona kwa macho yangu. Nyuzi mbili. Na katika muda wote huo mkwe wangu hakuinama hata mara moja. Nilikuwepo. Niulize mimi."

Mimi hupenda mambo yasemwe yalivyo, na siku ile ya mkasi niliinama. Nilifungua mdomo nimsahihishe. Kisha nikachukua mkono wa pili wa blauzi, nikauweka chini ya sindano.